Land Rover ya babu inawaka asubuhi, inagoma Soni

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 ya petroli, Series III ya mwaka 1976, niliyoachiwa na babu. Ninaishi Lushoto. Asubuhi navuta choki, inawaka mara moja. Nashuka nayo hadi Mombo, napakia, narudi. Nikifika Soni huwa nasimama kununua matunda na mboga, kama dakika 15 hivi. Nikirudi, stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Nakanyaga mafuta, nakanyaga tena, wapi! Vijana wa pale huwa wanamwagia maji pampu ya petroli. Baada ya karibu saa nzima inawaka, inatoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, kisha inakwenda vizuri mpaka nyumbani. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu. Wa pili alibadilisha koili, na sasa anasema petroli inachemka kwenye paipu, nifunge pampu ya umeme ya gari la Kijapani. Fedha niliyonayo mwezi huu ni ya kazi moja tu. Nifunge?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa saa zote ulizokaa pale Soni.

Pampu ya umeme usifunge. Barua yako yenyewe ina jibu, ila umelitaja kwa kupita tu: gari likikubali kuwaka linatoa moshi mweusi na linanuka petroli. Injini iliyokosa petroli haifanyi hivyo. Hiyo huwaka kwa kukohoa, ikashika, ikazima, ikashika tena, na moshi wake ni safi. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Kwa hiyo gari lako halikatai kwa sababu petroli haifiki. Linakataa kwa sababu petroli imejaa mahali ambapo haikutakiwa kuwepo, na pampu yenye nguvu zaidi itaongeza ugonjwa uleule. Pampu ya asili ya Land Rover hiyo, ile inayosukumwa na kemishafti (shafti ya ndani ya injini), inatoa msukumo mdogo sana, paundi 1.5 hadi 2.5 kwa inchi ya mraba. Pampu za magari ya Kijapani yenye injeksheni husukuma kwa paundi 35 na zaidi. Ukiifunga hiyo, sindano ya kabureta, ile inayofunga mlango wa petroli, haiwezi kuizuia. Petroli itamwagika juu ya ekzosi ya moto, na hapo hatutazungumzia tena gari kugoma, tutazungumzia gari kuungua.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani ya boneti wakati wewe unachagua matunda, maana ukikielewa hakuna fundi atakayekuuzia spea usiyoihitaji.

Fungua boneti uangalie injini hiyo ya 2.25, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Manifoldi (bomba la matawi) ya kuingiza hewa na manifoldi ya ekzosi ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja, na kabureta imekaa juu yake. Walioibuni kule Solihull walifanya makusudi. Uingereza kuna baridi, na walitaka joto la ekzosi lipashe manifoldi ya kuingiza ili petroli isirudi kuwa matone asubuhi ya Januari. Kwa hiyo kabureta ya gari lako imekaa kama sufuria juu ya jiko.

Gari likiwa linatembea, jiko hilo halina madhara. Feni inavuta hewa, maji yanazunguka, na petroli mpya ya ubaridi inapita ndani ya kabureta bila kukoma. Petroli inapogeuka kuwa mvuke nayo inapoza chuma. Siku moja gusa kabureta mara tu baada ya safari ndefu, injini ikiwa bado inanguruma: utashangaa ilivyo ya vuguvugu tu. Kisha zima, funga boneti, rudi baada ya dakika 15 uiguse tena. Hutaweza kuishikilia. Feni imesimama, maji yamesimama, petroli imesimama, lakini chuma cha ekzosi bado kina joto lote la kupanda mlima, na joto hilo halina pa kwenda ila juu, kwenye kabureta. Kabureta huwa ya moto zaidi robo saa baada ya kuzima kuliko wakati wowote injini ikiwa inafanya kazi. Baada ya hapo hupoa polepole. Ndiyo maana ukisimama dakika 2 gari linawaka, ukisimama saa nzima linawaka, na ukisimama dakika 15 linakataa.

Petroli si kama maji ambayo yana kiwango kimoja cha kuchemka. Ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, nzito zinahitaji hadi karibu nyuzi 200. Tena petroli ya siku hizi inatengenezwa kwa ajili ya magari ya injeksheni, ambayo huibana ndani ya paipu kwa msukumo mkubwa isipate nafasi ya kuchemka. Kwenye bakuli la kabureta yako lililo wazi kwa hewa, haina kitu cha kuizuia. Na barabara yako inaongeza. Unatoka Mombo bondeni, unapanda gia ya pili na ya tatu na mzigo, ekzosi inapata moto kuliko safari ya tambarare. Wakati huohuo unapanda mahali ambapo hewa ni nyepesi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hata maji ya chai huchemka yakiwa na nyuzi 95 tu, badala ya 100. Petroli nayo vivyo hivyo. Soni imekupata ukiwa na ekzosi ya moto kabisa na hewa iliyokwisha kupungua. Mtu wa Tanga mjini mwenye Land Rover kama yako anaweza kukaa miaka asilione tatizo hili.

Fundi wako wa pili hajakosea yote. Petroli inachemka kweli. Alipokosea ni mahali. Ikichemkia kwenye paipu kati ya tangi na pampu, pampu inavuta mvuke badala ya petroli, kabureta inakauka, injini inakosa. Hilo lipo, na mara nyingi hujitokeza gari likiwa linatembea: linapanda mlima, linaanza kukatakata, linazimika. Lako halijawahi kuzimika njiani, au ungeniambia. Ikichemkia ndani ya bakuli la kabureta, mambo hugeuka. Mapovu yanasukuma petroli kupitia kwenye jeti (tundu dogo la kupimia petroli), inamwagika kooni mwa kabureta, inashuka kwenye manifoldi, na mvuke wake unajaa mote. Injini ikizungushwa inavuta petroli karibu tupu, plagi zinalowa, hakuna kinachowaka. Nawe, kwa kukanyaga mafuta mara nyingi, umekuwa ukiiongezea. Kila unapokanyaga, pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta inarusha mchirizi mwingine wa petroli kooni. Usijilaumu, karibu kila dereva hufanya hivyo.

Hata hivyo sitaki uniamini kwa barua tu. Ugonjwa wa aina hii unaonekana ndani ya dakika zilezile za ugonjwa. Ukimpelekea fundi gari limekwisha poa, anapima gari lisilo na ugonjwa wowote, halafu anakisia. Ndivyo ulivyouziwa pampu na koili. Kwa hiyo safari ijayo, hapohapo Soni, fanya hivi, na uwe na tochi na plagi moja nzima ya akiba. Kusiwe na sigara karibu wala kibiriti, na wale vijana waombe wasogee.

Gari likishakataa, usikanyage mafuta tena. Fungua kiwiko cha mpira kinachotoka kwenye eyaklina na kuvaa juu ya kabureta, kitoe. Mulika tochi kooni uangalie kwa utulivu kabla ya kugusa chochote. Ukiona kuta zimelowa, au mvuke unapanda kama wa chai, au tone linaanguka kutoka kwenye ule mdomo mdogo wa katikati wakati injini imezimwa, basi umeuona ugonjwa kwa macho. Injini iliyozimwa haina sababu ya kudondosha hata tone moja. Ukiona koo ni kavu, ndipo usukume kwa mkono ule mkono wa mafuta pembeni ya kabureta, mara moja tu, huku unaangalia. Mchirizi ukiruka, bakuli lina petroli. Usiporuka kitu, bakuli limekauka, na hapo nitabadilisha maneno yangu. Pampu nyingi za Land Rover hizo zina kijiti cha kupampu kwa mkono, kiko chini ya pampu yenyewe. Kama bakuli limekauka, kipampu mpaka kilegee, piga stata, uone kama inashika. Ikishika, tatizo ni petroli kutofika.

Kisha angalia moto wa plagi, maana sitaki tuhukumu kabureta kabla koili haijasikilizwa. Chomoa waya wa plagi moja, chomeka kwenye plagi yako ya akiba, ilaze ikigusa chuma cha injini mbali na kabureta. Rudisha kiwiko cha eyaklina kwanza, kwa sababu hutaki cheche karibu na koo lililo wazi. Mtu apige stata. Moto mzuri ni wa buluu, mnene, una mlio wa kukatika unaousikia. Wa manjano na mwembamba, au unaokuja na kupotea, ni dalili mbaya.

Koili na kondensa (kile kikopo kidogo cha umeme cha distributa) zina tabia ya kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Waya mwembamba wa ndani hukatika mahali, ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana. Kwa mtu aliyekaa nyuma ya usukani dalili ni zilezile za kwako, isipokuwa ule moshi mweusi hauwi mwingi hivyo. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa kugawa umeme, nayo ichunguze, hasa zile zenye ribiti ya chuma katikati. Umeme hupenya kwenye plastiki chini ya ribiti na kuingia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi.

Na hapa kuna jambo moja ambalo naomba ulikague hata kama moto ni wa buluu. Umesema koili imebadilishwa. Hukusema imebadilishwa kwa ipi. Gari lako linataka koili ya volti 12 kamili, ambayo ukiipima kati ya teminali zake mbili ndogo inasoma karibu omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Madukani zimejaa koili za Datsun na Toyota za zamani, ambazo zilitengenezwa kufanya kazi pamoja na rizista ya nje, na zenyewe zinasoma omu 1.5 tu. Kwa macho zinafanana. Ukifunga ya omu 1.5 bila rizista, badala ya ampia 4 zinapita ampia 8. Pointi (swichi ndogo ya ndani ya distributa) zinaungua, koili inapata moto mpaka huwezi kuigusa, na baada ya mwendo mrefu inaanza kuchoka. Kupima ni kazi ya dakika moja na mita ya kawaida ya fundi umeme. Chomoa waya zake, pima, andika. Ukikuta ni ya omu 1.5, irudishe kwa aliyekuuzia.

Lakini mimi naamini utaona tone, na nitakueleza kwa nini.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana gereji moja ya Korogwe, ililetwa 109 ya shamba la mkonge. Dereva alisema maneno yako yote, hata moshi mweusi. Nilibadilisha kondensa, nikabadilisha pampu, nikazungushia paipu ya petroli kitambaa kibichi kama nilivyoona wengine wakifanya. Siku ya nne mzee aliyenifundisha kazi alinivuta mkono. Aliwasha gari akaliacha lingurume mpaka likapata moto kabisa, akazima, akatoa kiwiko cha eyaklina, akaniambia niinamishe kichwa nisikilize. Nilisikia sauti ndogo kama ya kahawa inayoanza kuchemka. Kisha nikaona tone likijikusanya kwenye mdomo wa shaba ndani ya koo, likanenepa, likaanguka. Lingine. Lingine. Nilihesabu zaidi ya matone 40 kabla hayajakoma. Mzee hakusema kitu, alinipa bisibisi tu.

Kabureta ile ilikuwa Zenith 36IV, ileile iliyoko kwenye gari lako kama haijabadilishwa. Soma jina ubavuni mwake. Ni kabureta nzuri, nyepesi kwa mafuta, ila ina udhaifu mmoja unaojulikana kwa kila anayefanya kazi na Land Rover hizi. Chini ya mfuniko wake kuna pande la aloi lenye jeti na vijia vya petroli. Linafungwa kwenye mfuniko kwa skrubu, na kati yao kuna kipete kidogo cha mpira kinachoziba njia ya petroli kuelekea kooni. Kwa miaka ya moto na baridi, na kwa mafundi kukaza skrubu kupita kiasi, nyuso hizo mbili hupinda. Kipete kinakauka na kuwa kigumu kama ukucha. Hapo petroli haipiti tena kwenye jeti peke yake, inajipenyeza pembeni na kudondoka kooni wakati wote. Injini ikiwa baridi huoni kasoro, kwa sababu injini baridi inahitaji petroli nyingi. Ndiyo maana asubuhi gari lako linakufurahisha. Hilo pia ndilo linanifanya nisiilaumu petroli ya kituo: petroli iliyochanganywa mafuta ya taa ingekutesa asubuhi, si mchana.

Kuitengeneza hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji subira. Iteremshe kabureta injini ikiwa baridi, toa mfuniko, fungua lile pande taratibu na upige picha za simu kila hatua. Chukua kioo cha dirisha kilicho bapa, kilaze juu ya meza, weka juu yake msasa wa maji namba 400. Chora kwa kalamu ya wino mistari juu ya uso wa aloi, kisha uusugue kwa mzunguko wa namba 8, bila kukandamiza, ukigeuza mkono kila mara. Angalia mistari. Pale ilipofutika ni palipoinuka, pale ilipobaki ni shimo. Endelea mpaka mistari yote ifutike pamoja. Fanya hivyo kwa nyuso zote mbili, ule wa mfuniko na ule wa lile pande. Usitumie tupa. Nimeona kabureta nzuri zikitupwa kwa sababu mtu aliona msasa unamchelewesha.

Kipete kipya kiwe cha mpira unaostahimili petroli. Usikubali cha bomba la maji. Kitavimba ndani ya wiki mbili na utarudi pale ulipoanza. Nunua kifurushi kizima cha matengenezo ya Zenith 36IV, ndani yake utapata kipete, gasketi na sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli). Safisha kila kijia kwa hewa, usichokoe jeti kwa waya. Ukirudisha skrubu, zikaze kidogokidogo kwa kupokezana, mwisho kwa nguvu ya vidole viwili juu ya bisibisi. Zile nati mbili za kuifunga kabureta kwenye manifoldi nazo usizikaze kwa hasira, hizo ndizo zinazopinda kitako chake.

Ukiwa umeifungua, floti itikise sikioni. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka na inazama, na bakuli linajaa kupita kiasi. Ukiwa na shaka iingize kwenye maji ya moto: ikitoa viputo, ina tundu. Sindano ikiwa na mkwaruzo wa kuzunguka kwenye ncha yake, ibadilishe pamoja na kiti chake. Hapa pia ndipo ile pampu mpya inapoweza kuhusika. Baadhi ya pampu zisizo za asili zina springi kali kuliko inavyotakiwa, nazo huilazimisha sindano kufunguka. Kama baada ya kutengeneza kabureta bado unaona tone, mwambie fundi apime msukumo wa pampu kwa geji. Ikivuka paundi 2.5 kwa mbali, rudisha ile ya zamani ikiwa hukuitupa. Mara nyingi zile za zamani zinataka kubadilishiwa ngozi ya ndani (diaframu) tu.

Kitako cha kabureta kinatakiwa kiwe na kizuizi cha joto kati yake na manifoldi, pamoja na gasketi zake. Wengi wakishakivunja huunga kwa gasketi za karatasi ya boksi, na joto linapita lote. Angalia pia gasketi inayokutanisha manifoldi mbili. Ikiwa imeungua utaona masizi meusi yametapakaa, na moshi wa moto unapuliza moja kwa moja chini ya kabureta. Paipu ya petroli kutoka kwenye pampu isiguse ekzosi wala isipite juu yake. Ukipata bati la aluminiamu la kukinga joto, vizuri, liwekwe liwe na nafasi ya hewa pande zote mbili, lakini hilo ni la baadaye.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa kuwa maelezo yako yanayaweka mbali. Stata ingekuwa mbovu, ingezunguka kwa uvivu gari likiwa la moto. Yako inazunguka kwa nguvu. Siku ikianza uvivu, kabla ya kununua betri safisha waya wa ethi kati ya injini na chesisi, kisha pima volti za betri wakati stata inazunguka. Zikishuka chini ya 9.6 kuna kazi ya kufanya. Taimingi ikiwa mbele sana, stata hurudishwa nyuma kwa mateke injini ikiwa ya moto. Valvu zikiwa zimebanwa kupita kiasi, injini ya moto hupoteza kompresheni. Fundi azipime, ziwe milimita 0.25 zote. Pointi ziwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Na kama geji ya joto inapanda sana unapofika Soni, rejeta ioshwe ndani na nje, kwa sababu injini inayochemka inapika kabureta mara mbili.

Mpaka kabureta itakapofunguliwa bado utapita Soni, kwa hiyo sikia. Ukifika, usizime mara moja. Iache ingurume dakika moja au mbili ikiwa imesimama, feni ichukue joto la mlima. Ukizima, inua boneti uiache wazi unapokwenda sokoni. Kwa gari lako hilo lina thamani kuliko vitambaa vyote vibichi. Ukirudi, hakikisha choki imesukumwa ndani kabisa. Kanyaga mafuta mara moja, polepole, mpaka chini kabisa, na ushikilie hapo bila kuachia. Piga stata sekunde 10. Koo likiwa wazi kabisa, injini inavuta hewa nyingi na kukausha petroli iliyojaa. Isiposhika, pumzisha stata dakika moja, rudia, mguu ukiwa bado chini. Ikishika itatoa moshi mweusi na kutikisika. Achia mafuta taratibu inaposhika kasi. Ikiwaka kwa njia hii ndani ya dakika chache badala ya saa nzima, hiyo peke yake ni uthibitisho kwamba petroli ilikuwa imezidi.

Na wale vijana waambie wasimwage maji tena. Wanakusaidia kwa moyo mwema, lakini manifoldi ya ekzosi ni chuma cha kusubu, kikiwa cha moto kikipata maji ya baridi kinapasuka, na hicho si cha kuchomelea kirahisi. Pampu yenye kikombe cha kioo nayo inaweza kupasuka, petroli ikamwagika hapohapo. Isitoshe maji yakiingia kwenye distributa utakuwa na magonjwa mawili kwa siku moja. Gari linawaka baada ya maji kwa sababu muda umepita.

Fedha yako ya kazi moja, basi, itumie kwa kifurushi cha kabureta na siku moja ya fundi mwenye mkono wa subira. Kama huyo wa pili anakubali kusugua juu ya kioo, mpe yeye, mradi usimamie na picha zako. Kizimamoto kidogo cha gari kiwe ndani kuanzia leo, kabla ya spea yoyote.

Safari ijayo nenda na karatasi, uandike mambo manne: umesimama dakika ngapi, kooni umeona nini, moto wa plagi ulikuwa wa rangi gani, na koili imesoma omu ngapi. Ukiniletea hayo manne, nitakuambia hata skrubu ya kuanza nayo.